Msiwalaumu waimbaji wala kinanda, angalieni kwanza waya wa maiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Makambako, aliyelalamika hapa kwamba vinanda vinavyouzwa siku hizi ni vibovu. Alieleza kuwa kwaya yao ilichangishana mpaka wakapata kinanda kipya, wakachomeka maiki, na maiki haikutoa sauti ya kueleweka. Mara kimya, mara inanguruma, mara inapiga mluzi. Mwisho wa barua alisema wanafikiria kukiuza hata kwa hasara na kuanza michango upya. Kamwene, ndugu yangu. Nakuomba usikiuze bado.

Mimi ni mama wa hapa Uyole, Mbeya. Jumapili napiga kinanda ibadani, na siku za kazi nakaa kwenye kibanda changu pale Mwanjelwa natengeneza redio, amplifaya na nyaya za vyombo vya kwaya. Wanakwaya wa kuanzia Mbalizi mpaka Igurusi wamezoea kuniita Mama Mitambo. Vinanda vingi vinavyoletwa kwangu kwa malalamiko kwamba maiki haisikiki ni vizima kabisa. Kinachokosewa ni njia ambayo sauti inapita kutoka mdomoni mwa mwimbaji mpaka kwenye spika. Njia hiyo ina vituo vichache tu, na kila kituo kinaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye subira, hata kama hajasomea ufundi.

Nianze na tundu, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Geuza kinanda uangalie nyuma, soma maandishi yaliyo juu ya kila tundu. Vinanda vingi vidogo na vya kati vina tundu lililoandikwa AUX IN. Hilo si la maiki. Limewekwa kwa ajili ya simu, redio au kompyuta, vitu ambavyo vinatoa sauti iliyokwisha kukuzwa. Maiki ya kawaida ya kushika mkononi, mtu akiongea kwa kawaida karibu nayo, inatoa umeme wa kama milivolti 2 hivi. Tundu la AUX linatarajia kupokea kama milivolti 300. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara mia moja. Ukichomeka maiki pale utafungua sauti mpaka mwisho na bado utasikia mnong'ono, pamoja na mvumo ambao nao umekuzwa bure. Kinanda hakijaharibika, kinapokea tu kitu kidogo kuliko kilichotengenezewa kupokea.

Tundu la maiki lenyewe huandikwa MIC, MIC INPUT au MIC/GUITAR, na mara nyingi pembeni yake kuna kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza nguvu ya maiki. Si kila kinanda kinalo. Nitoe mfano wa Yamaha kwa sababu ndiyo inayopatikana sana makanisani kwetu: PSR-E373 ina AUX IN lakini haina tundu la maiki, wakati PSR-E473 inalo. Kwa macho, mtu aliyesimama dukani anaona vinanda vya ukoo mmoja, na asipouliza hataambiwa. Kwa hiyo msomaji wa Makambako, kabla ya jambo lingine lolote, nenda ukasome nyuma ya kinanda chenu. Kama hakuna neno MIC, basi tatizo lenu limekwisha kujulikana, na dawa yake ni mikisa ndogo. Maiki inaingia kwenye mikisa, kinanda nacho kinaingia kwenye mikisa, vinatoka pamoja kwenda kwenye amplifaya. Mikisa ndogo ya chaneli chache haifiki bei ya kinanda kingine.

Na niseme wazi msimamo wangu, hata kama wenzangu wa mitambo watabisha: kwa ibada yenye watu wengi, maiki ipite kwenye mikisa hata kama kinanda kina tundu lake. Tundu la maiki la kinanda linafaa nyumbani, kwenye mazoezi na kwenye ibada ndogo za mitaani. Mpiga kinanda ana mikono miwili, yote ina kazi. Akianza kuhangaika na sauti ya mhubiri katikati ya pambio, kimoja kitaharibika. Maiki ishughulikiwe na mtu aliyekaa mbele ya mikisa, anayesikia kile ambacho waumini wanasikia.

Sasa aina ya maiki. Kuna ile ya kushika mkononi yenye kichwa cha wavu, ambayo kwa kawaida haihitaji umeme wa kuingizwa. Ndani ina koili ndogo iliyogandishwa kwenye ngozi nyembamba, na koili hiyo iko katikati ya sumaku. Sauti inatikisa ngozi, koili inacheza, umeme unazaliwa. Hii ndiyo inayofaa kwenye kinanda. Kuna nyingine inayohitaji umeme kwanza ndipo ifanye kazi. Maiki nyingi za mimbarini, zile zenye shingo ndefu inayopinda, ni za aina hii. Zinahitaji betri au umeme wa volti 48 unaotoka kwenye mikisa kupitia waya uleule wa maiki. Vinanda vingi havitoi umeme huo. Nimeona mara nyingi mtu anang'oa maiki ya mimbarini, anaifunga kwenye stendi ya kwaya, anaichomeka kwenye kinanda, na inakuwa bubu. Kisha anatangaza kwamba tundu la kinanda limekufa. Maiki hiyohiyo ukiirudisha kwenye mikisa, ukabonyeza kitufe cha 48V, inasema vizuri. Maiki za kwenye waya wa simu nazo zinahitaji umeme mdogo wa kutoka kwenye simu. Kwenye kinanda hazina kazi.

Kuhusu waya nina mengi, na nitamwomba mhariri anivumilie, kwa sababu hapa ndipo pesa za michango zinapopotea.

Walikuja kwangu vijana wa kwaya moja ya upande wa Chimala wakiwa wamebeba kinanda kwenye gunia la katani, maiki mbili zisizo na waya, na kisanduku chake cha kupokelea. Kiongozi wao akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, akaanza kunieleza kwa uchungu. Kisanduku kilikuwa kimeunganishwa na kinanda kwa waya wenye pini tatu upande mmoja na pini ndogo ya hedifoni upande mwingine, ikaingia AUX IN. Kisanduku cha namna ile kinakuza sauti chenyewe kabla ya kuitoa, kwa hiyo AUX haikuwa kosa kwao. Na kweli, wakivaa hedifoni kwenye kinanda walisikia maiki vizuri. Wakiunganisha kinanda na amplifaya ya kanisa, maiki inapotea, inabaki sauti nyembamba isiyo na kifua, na mlio wa kinanda wenyewe unasikika vizuri tu. Walikwisha kubadilisha amplifaya. Walikwisha kumwambia mzee wa kanisa kwamba kinanda kinachagua sauti.

Niliomba ule waya nikaufungua vichwa vyote viwili juu ya meza. Waya wa pini tatu una nyuzi mbili za sauti na wavu wa nje. Pini ya 1 ni ya wavu, ya 2 inabeba sauti, ya 3 inabeba sauti ileile iliyogeuzwa, yaani hii ikipanda ile inashuka. Imewekwa hivyo makusudi, kwa sababu mikisa inapopokea inageuza tena ile ya pili na kufuta kelele iliyoingia njiani. Ni ubunifu mzuri sana. Lakini aliyetengeneza waya wa vijana wale alipeleka pini ya 2 upande wa kushoto wa pini ndogo, na ya 3 upande wa kulia. Kinanda hakijui habari ya kugeuza. Kikapokea kushoto sauti inayopanda, kulia sauti inayoshuka. Kwenye hedifoni kila sikio lilipata ya kwake, kwa hiyo walisikia. Kanisani walitumia waya mmoja tu kutoka tundu la L/L+R, ambalo likichomekwa peke yake linachanganya kushoto na kulia. Inayopanda ikakutana na inayoshuka, zikafutana.

Niliwaonyesha. Nilichomeka spika yangu ya mezani kwenye L/L+R, nikamwambia mmoja aimbe, tukasikia ule mlio mwembamba. Kisha nikachomeka na tundu la R kwenda spika ya pili, sauti ikarudi. Nikachomoa, ikapotea tena. Yule kiongozi alirudia mwenyewe kuchomeka na kuchomoa mpaka akaridhika. Kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika chache: kisanduku chao kilikuwa na tundu jingine la pini kubwa linalotoa maiki zote mbili zikiwa zimechanganywa, nikawatengenezea waya unaotoka hapo, ukapeleka uzi mmoja wa sauti kushoto na kulia kwa pamoja, wavu kwa wavu. Waliondoka na kinanda chao kwenye gunia lilelile, na amplifaya yao ya zamani ikarudi kazini.

Kosa linalofanana na hilo ni la vinanda vidogo ambavyo tundu la kutoa sauti ni lilelile la hedifoni. Watu wanachomeka waya wa gitaa wenye pete moja nyeusi kwenye pini. Tundu ni la pande mbili, waya ni wa upande mmoja. Upande wa kulia unabanwa kwenye wavu na kupotea, inabaki nusu ya sauti. Ukiangalia pini, pete moja ni upande mmoja, pete mbili ni pande mbili. Kila mpiga kinanda anapaswa kulijua hili kama anavyojua ufunguo wa G. Na ukichomeka tundu hilo, spika za kinanda zenyewe zinanyamaza. Hilo nalo limewapa watu hofu ya bure.

Waya wa maiki hukatika pale shingoni, karibu na kichwa, kwa sababu ndipo unapopindwa na ndipo waimbaji wanapovuta. Chomeka, fungua sauti kidogo, tikisa shingo ya waya taratibu. Ukisikia mkwaruzo au sauti inakatika na kurudi, umepata. Mwenye mita aiweke kwenye kupima mwendelezo wa waya, ile inayolia. Pini ya 1 ilie na ya 1, ya 2 na ya 2, ya 3 na ya 3. Kwa waya wa kutoka pini tatu kwenda pini kubwa ya pete moja, ya 2 iende kwenye ncha, ya 1 na ya 3 zote ziende kwenye mwili wa pini. Fundi yeyote wa redio mwenye chuma cha kuchomea risasi anaweza kuurudishia waya kichwa chake, tena kwa pesa ndogo.

Lililonisukuma hasa kuandika barua hii si pesa. Ni binti mmoja wa kwaya ya vijana upande wa Rungwe. Ana sauti laini, safi, inayokaa kwenye noti bila kutetereka. Walinunua kinanda kikubwa chenye tundu la maiki na vikorombwezo vyake vyote, na tangu siku hiyo ubeti wake ukawa unakatika. Maneno ya mwanzo hayasikiki, ya katikati yanasikika, ya mwisho yanamezwa. Wakasema sauti yake ni ndogo, hawezi maiki. Ubeti akapewa mwingine mwenye sauti kubwa, na binti akarudishwa nyuma. Mwalimu wao wa kwaya aliniita nikaangalie kinanda kwa sababu nyingine kabisa, na yeye ndiye aliyenisimulia, tena kwa huruma, kwa sababu alimlea yule binti tangu shule ya Jumapili.

Vinanda vikubwa, kama PSR-SX900 na vya daraja lake, vina ukurasa wa mipangilio ya maiki. Ndani yake kuna kitu kinachoandikwa Noise Gate. Kazi yake ni kufunga maiki mtu anaponyamaza ili kelele za pembeni zisiingie, na kuifungua anapoanza kuimba. Kiwango cha kufungulia ni cha kupangwa. Mtu fulani alikuwa amekiweka juu mno, pengine kwa mahubiri ya uwanjani, kukawa na kelele za barabarani. Mwenye sauti kubwa anaifungua bila kujua kama ipo. Mwenye sauti laini anaanza neno, mlango bado umefungwa, unafunguka amekwisha kufika katikati, na akishusha sauti mwishoni mwa mstari unamfungia tena. Nilishusha kiwango kile, nikaongeza nguvu ya maiki mpaka taa iwake kijani na kugusa rangi ya chungwa kwenye noti za juu bila kufika nyekundu, nikaomba binti aitwe. Aliimba ubeti mzima. Mwalimu akamrudishia nafasi yake Jumamosi ileile ya mazoezi, mbele ya wenzake, na akawaambia sababu.

Nauliza, ni waimbaji wangapi katika makwaya yetu wamerudishwa nyuma kwa sababu kama hii? Huku kwetu kuimba ni jambo zito. Wamoravian wameanza kazi Rungwe tangu mwaka 1891, na vizazi vimeimba kwa sauti nne bila hata balbu ya umeme. Maiki imekuja kumsaidia mwenye sauti laini asikike mpaka mlangoni. Ikigeuka kuwa kipimo cha kumwondoa, tumeitumia vibaya.

Kwenye vinanda hivyohivyo vikubwa kuna pia sauti za kusindikiza, ambazo kinanda kinatengeneza kutokana na sauti ya mwimbaji kwa kufuata kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, za mkono wa kushoto. Kodi ikikosewa, mwimbaji anatoka na wenzake wa bandia walio nje ya wimbo, na watu wanasema maiki ina mashetani. Zima kitufe cha Vocal Harmony kwanza, usikilize sauti tupu. Na kwenye baadhi ya vinanda, rejista uliyohifadhi, yaani kitufe kinachokumbuka mipangilio yako, inaweza kubeba mpangilio huo pamoja na milio ya kinanda. Unabonyeza rejista ya wimbo wa pili, na maiki inabadilika bila wewe kuigusa.

Mluzi ule unaochoma masikio unatokana na maiki kusikia spika, spika ikaisikia maiki, ikawa mzunguko. Spika zikae mbele ya waimbaji, zitazame waumini, na maiki zikae nyuma ya spika. Msikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja kama wanavyofanya wasanii kwenye video. Matundu ya nyuma ya kichwa ndiyo yanayoiwezesha kukataa sauti za nyuma, ukiyaziba inaanza kusikia kila upande na mluzi unakuja. Spika za kinanda zenyewe pia zimo katika mzunguko huu, kwa sababu mpiga kinanda anayeimba ameweka maiki juu yake kabisa. Wanaosali Tukuyu na Busokelo wanajua hali ya mvua kwenye bati: hakuna kinachosikika, mtu wa mitambo anapandisha maiki, inapiga mluzi, anapandisha tena. Mvua ya namna hiyo haishindwi kwa geini, yaani kuongeza nguvu ya maiki. Sogeza maiki mdomoni, vidole viwili tu, punguza kinanda, na kama bado haitoshi basi waumini waimbe wote.

Mngurumo wa chini usiokoma ni wa umeme, maana umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde na hupenya popote penye nafasi. Chomeka kinanda, mikisa na amplifaya kwenye ekstensheni moja ya ukuta mmoja uone kama unapungua. Tenga waya wa maiki na nyaya za umeme, na kama lazima zikutane basi zipishane msalaba, zisilale pamoja. Tumia adapta yenye volti na alama za chanya na hasi zinazolingana na zilizoandikwa kwenye kinanda. Ule mlio wa kukatakata unaokuja na kuondoka ni simu ya mtu iliyowekwa juu ya kinanda.

Hapa nitaongea kwa ukali kidogo. Kuna watu wanavunja pini ya ethi kwenye plagi ili mngurumo uishe, na wengine wanachomeka nyaya uchi kwenye soketi. Mngurumo unaweza kweli kupungua, lakini mwimbaji anayeshika maiki ya chuma ndiye anayebaki kuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Mwimbaji akisema maiki imemng'ata mdomoni, zima kila kitu saa ileile, hata kama ni katikati ya ibada, muite fundi umeme aangalie ethi ya jengo. Baba mchungaji akikasirika mwambie ni Mama Mitambo wa Uyole aliyesema.

Baridi nayo ina yake. Wenzetu wa Makete na Njombe mwezi Juni na Julai wanatoa vyombo kwenye gari lililolala nje, wanaviingiza kwenye kanisa lililojaa watu na pumzi. Unyevu unashika kwenye chuma baridi, ndani ya matundu na kwenye vichwa vya maiki. Viacheni vitulie vipate joto la ndani kabla ya kuwasha. Pini zilizoshika kutu na weusi zisafishwe kwa dawa ya kusafishia viunganishi inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya redio, siyo mafuta ya kula.

Msomaji wa Makambako akishasoma maandishi ya nyuma ya kinanda, afanye jambo moja kabla ya kuhangaika na vingine: avae hedifoni kwenye kinanda chenyewe, achomoe nyaya zote za kwenda nje, aimbe. Akijisikia vizuri, maiki, waya wake na tundu ni vizima (isipokuwa kama waya umeunganishwa vibaya kama ule wa vijana wa Chimala), atafute kasoro kuanzia kwenye waya wa kutoka kwenda mikisa na amplifaya. Asipojisikia, kasoro iko upande wa mwanzo. Aangalie swichi ya kwenye maiki, betri kama haina waya, kitufe cha nyuma cha nguvu ya maiki, na sauti ya maiki kwenye skrini ya mizani, ile ya kusawazisha sauti, maana inaweza kuwa imewekwa sifuri. Kisha abadilishe kitu kimoja kwa wakati: waya mwingine kwa maiki ileile, kisha maiki nyingine kwa waya uleule. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi, na utatupa kizima.

Kamati za makwaya nazisihi: kabla ya kutangaza mchango wa kinanda kipya, tengeni Jumamosi moja ya kukagua cha zamani kwa namna hii. Mkinunua kipya, nendeni dukani na maiki yenu na waya wenu, muombe kuchomeka na kuimba pale pale kabla ya kutoa pesa. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Na wauzaji wa Mbeya, Iringa na Njombe, nawaomba mumwambie mteja mapema kama kinanda kina tundu la maiki au hakina. Amebeba pesa za wajane na za vijana waliouza viazi.

Viongozi wa makanisa wanaoandaa semina za waimbaji kila mwaka waweke humo nusu siku ya mtu wa mitambo. Tunafundisha solfa, tunafundisha kupumua, na hatumfundishi hata mtu mmoja tofauti ya MIC na AUX. Mimi niko tayari kufika popote kwenye nyanda hizi, nauli tu inatosha, na nitakuja na mita na chuma changu cha kuchomea risasi.

Msomaji wa Makambako naomba ajibu katika ukurasa huu na kutaja mambo matatu: maneno yaliyoandikwa juu ya tundu walilochomeka maiki, pini ya waya wao ina pete ngapi, na kama kwenye hedifoni wanasikia. Kwa hayo matatu nitaweza kumwambia anunue nini, au asinunue kitu.

Mama Mitambo,
Uyole, Mbeya